Lori Lililoota Sauti

Sikuua injini. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu hapa Ifakara, wengine wameshazeeka kama mimi na wengine wakati ule hata hawajazaliwa, wanaonisalimia vizuri kabisa, shikamoo babu, kisha nikishapita wanamnong'oneza mwenzao kwamba yule mzee ndiye aliyeua lori la mjomba wake. Nimelisikia hilo sokoni. Nimelisikia msibani. Nimelisikia hata nje ya kanisa, watu bado wana rozari mkononi. Linaniuma. Lingekuwa la kweli ningekaa nalo kimya, lakini si la kweli, na leo nitaeleza lilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mwendesha mashine ya kukoboa mpunga. Mashine haikuwa yake, ilikuwa ya tajiri mmoja mwenye duka, lakini ungethubutu kumwambia hivyo angekutazama mpaka ukaondoka mwenyewe. Yeye ndiye aliyeiwasha asubuhi na yeye ndiye aliyeizima jioni. Ilikuwa injini kubwa ya mafuta mazito, silinda moja tu, imefungwa kwenye sakafu ya saruji, ikigonga polepole, du, du, du, na bomba lake likitema moshi kwa vipande. Msimu wa mavuno uliisikia mpaka ng'ambo ya mto Lumemo. Watu waliokuwa juu ya madungu yao huko bondeni, wakilinda mpunga usiliwe na ndege na viboko, wakisikia ile du, du walijua mashine imefunguliwa, wakaanza kufunga magunia. Ikinyamaza mchana, mji mzima unaulizana kuna nini.

Kwa hiyo kwetu injini inayogonga ndiyo injini nzima. Likumbuke hilo, maana ugomvi wote ulitoka hapo.

Mimi nilikuwa dereva kwenye shamba la mkonge upande wa Kilosa. Fundi wa pale alikuwa mkali, na mtu asiyejua kusikiliza injini hakumpa ufunguo. Nikajifunza kuendesha na nikajifunza kusikiliza. Wakati ule dereva alikuwa mtu. Ukishuka kwenye gari na viatu vyako na kofia yako, wazee wanasimama kukuuliza habari za huko utokako. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba yeye aliolewa na usukani, mimi nilikuja kama nyongeza. Lakini heshima hiyo ilining'inia kwa kamba nyembamba. Mwenye gari akitaka kukuajiri hakuomba kuona leseni yako, aliuliza watu swali moja tu: huyu ameshawahi kuua gari? Jibu likiwa ndiyo, umekwisha, nenda kalime.

Mjomba akanunua lori kuukuu, moja ya yale yaliyobaki baada ya vita, akaniita nyumbani nije nimwendeshee. Sikuweza kukataa. Baba alifariki nikiwa mdogo, mjomba ndiye aliyenilea, akanisomesha misheni, akasimamia ndoa yangu. Kwetu mjomba wa namna hiyo hujibizani naye. Unasema ndiyo mjomba, ukishafika nje ndipo unapiga teke jiwe.

Lori lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kulisingizia. Injini ya petroli, imetunzwa, inazunguka kimya kimya. Siku ya kwanza nilimpandisha mjomba mbele, tukazunguka mji mpaka Lumemo na kurudi. Akashuka amekunja uso.

"Liliwaka kweli hili?" akaniuliza.

"Liliwaka mjomba. Si tumekwenda na tumerudi."

"Mbona silisikii? Gari gani linanyata kama paka."

Alisema hivyo kwa kupiga kelele, maana ndivyo alivyoongea siku zote, na sisi tuliona ni mazoea ya kukaa karibu na mashine. Ukiongea naye alikutazama mdomo. Tulidhani ni ukali. Tulicheka, nikaegesha lori, sikulifikiria tena jambo hilo.

Tulibeba mchele kwenda Kilosa kwenye reli, tukarudi na chumvi, sabuni, mafuta ya taa na vitambaa. Njia ilikuwa ya kiangazi tu, mvua zikianza imekufa. Unapita Kiberege, unapita Mang'ula, unavuka Ruaha pale Kidatu, halafu vinakuja vilima vya kuelekea Mikumi, na hapo ndipo gari linapopimwa. Msimu wa kwanza lori halikunisumbua. Msimu wa pili ndipo lilipoanza kuniambia mambo.

Gari halifi ghafla. Wanaosema gari limekufa ghafla ni watu ambao hawakuwa wakilisikiliza. Kwanza ilikuwa oili. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nilichomoa kile kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena, na oili ikawa inashuka wakati chini ya gari pamekauka kabisa. Kisha ukaja moshi wa buluu asubuhi. Watu wanachanganya moshi. Mweusi maana yake petroli ni nyingi, mweupe usioisha ni maji yanaingia yasipotakiwa, wa buluu ni oili inaungua. Baada ya hapo ikaja geji. Injini ikiwa baridi mshale wa oili unasimama vizuri, ikipata moto mshale unalala, na nikisimamisha gari bila kuzima unalala kabisa mpaka chini. Hapo nilianza kukosa usingizi.

Mwisho ndipo kulipokuja kugonga. Tulikuwa tunapanda baada ya Kidatu, tumejaza, nikasikia ko, ko, ko, chini, nzito. Nikapunguza mguu, ikafifia. Nikaongeza, ikarudi. Ile tiki tiki ya juu, ya kama cherehani, ni valvu, na valvu unaweza kuishi nayo miezi. Hii haikuwa ya juu. Hii ilipanda kwenye nyayo za miguu kupitia sakafu ya gari. Ndani ya injini kuna mkono wa chuma unaoitwa konrodi, unaishika pistoni na kuifunga kwenye krenki, na pale unapoishika krenki kuna bushi, kipande laini kinachokaa kati ya chuma na chuma kama mto wa kulalia. Bushi ikilika, chuma kinapiga chuma. Ukiendelea kupakia na kukanyaga, konrodi itakatika, na ikikatika haikai ndani, inatoboa ubavu wa injini na kutoka nje. Nilijua hayo yote pale pale kilimani, na watu juu ya magunia wakiimba.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba, kabla hata ya kwenda nyumbani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vipi safari?"

"Mjomba, lori linagonga. Tusilipakie tena mpaka tulifungue. Bushi zimekwisha."

Akasimama, akatoka nje, akaniambia niwashe. Nikawasha, nikaongeza moto ili ajisikilize mwenyewe. Ko, ko, ko. Akainamisha kichwa kwenye boneti, na uso wake, sitasahau, ukafunguka. Mtu mzima yule akatabasamu kama mtu aliyeletewa mgeni wake.

"Sasa limekuwa gari," akasema.

Nikadhani hajanielewa. Nikamweleza upya. Akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye mashine yake, akaniambia sikiliza. Du, du, du. "Hii inagonga tangu hujajua kuvaa suruali. Imekufa?" Nikamwambia ule ni mlio wa moto kutoka kwenye bomba, injini kubwa ya namna ile ndivyo ilivyo, na wa lori ni wa chuma kutoka ndani. Akanipungia mkono niondoke.

Kesho yake nikamfanyia jaribio, maana nilisema moyoni asiyeamini maneno ataamini macho. Nikawasha lori, nikachukua bisibisi yenye mpini wa mti, nikagusisha chuma chake kwenye kichwa cha plagi na kwenye mwili wa injini, ili cheche isifike ndani ya silinda ile. Nikahama plagi moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye plagi ya silinda yenye ugonjwa, kule kugonga kukafifia. Nikaachia, kukarudi. Nikagusa tena, kukafifia. Ushahidi gani mwingine mtu anataka? Mjomba akanitazama kwa masikitiko.

"Umeliziba mdomo," akasema, "halafu unashangaa limenyamaza."

Niliumia. Lakini sikukata tamaa. Nikamwaga oili kwenye beseni, nikalipeleka juani, na ndani yake kulikuwa na vipande vidogo vidogo vinavyong'aa kama magamba ya perege. Nikamwonyesha. Nikamwambia, mjomba, hizi ndizo bushi zenyewe, zinasagika. Akachovya kidole, akasugua, akanusa.

"Mpunga ukikobolewa unatoa pumba," akasema. "Chuma nacho kikifanya kazi kinatoa pumba zake. Mwaga, tia oili mpya."

Hebu niambie, mtu kama huyo unamjibu nini? Maisha yake yote ameona kitu kizima kikitoa pumba na kubaki kizuri zaidi. Nilibaki nimeshika beseni kama mjinga.

Ningepata japo mtu mmoja wa kunisaidia kusema, pengine mambo yangekwenda vingine. Lakini mji mzima ulikuwa upande wa lile ko, ko. Zamani lori lilipopita Kiberege kimya, akina mama walikuwa wakichelewa, wakifika barabarani na magunia yao wanakuta vumbi tu. Sasa walilisikia tangu mbali, wakatoka na mchele, ndizi, kuku, na watoto mgongoni, wakatusubiri. Biashara ikapanda. Watu wakawa wanampongeza mjomba njiani, wakimwambia lori lako limeota sauti, na yeye anaitikia kwa kifua mbele. Mimi niliyeendesha polepole ili kuliokoa ndiye niliyeitwa mwoga. Kuna mama mmoja wa Mang'ula alipiga bati la kibanda cha dereva kwa mkono na kuniuliza kama mchele wake nitaufikisha ukiwa bado mchele.

Nikachoka. Siku moja nikaenda kwenye mashine, nikauweka ufunguo wa lori mezani mbele ya mjomba na wateja wake, nikamwambia siendeshi tena mpaka lifunguliwe. Sikupaza sauti. Sikumtukana. Niliweka tu ufunguo na kuondoka.

Jioni ile mama alikuja kwangu. Hakuketi kwenye kiti, aliketi chini mlangoni, na chakula alichowekewa hakukigusa. Akasema, "Umemvua nguo kaka yangu mbele za watu." Nikamweleza habari za bushi. Akasema hajui bushi, anajua nani aliyemnunulia sanda baba yangu. Wewe ungefanya nini? Nikakubali safari moja, kwa sharti moja: tukifika Kilosa injini ifunguliwe gereji. Mjomba naye akakubali kwa sharti lake, kwamba atapanda na mimi mbele, ahakikishe siendeshi kama mgonjwa.

Tukaondoka tumejaza. Juu ya magunia walikuwako abiria, wengi wao akina mama, wanaimba. Ndani ya kibanda tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na hapo ndipo penye kesi yote, kwa sababu aliyekaa juu ya magunia haoni kinachofanyika ndani.

Tulipovuka Kidatu na kuanza kupanda, nikaingiza gia ndogo, nikagusa tu petroli kidogo. Tulikwenda polepole sana, nakubali, mtu wa miguu angetupita. Lakini tulikuwa tunakwenda, na kule kugonga kulikuwa kumefifia.

"Kanyaga," mjomba akasema.

"Mjomba, tukipanda hivi tutafika."

"Kanyaga, silisikii."

Sikukanyaga. Nilitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Basi mjomba akainama, akauweka mkono wake juu ya goti langu la kulia, na akanikandamiza. Mkono wa mtu aliyezungusha gurudumu la mashine kila asubuhi ya maisha yake. Mguu wangu ukashuka na pedali ya petroli mpaka sakafuni. Lori likaruka mbele, ko, ko, ko ikajaa kibanda kizima, na yeye akacheka kwa furaha. Nilijaribu kuvuta mguu. Nikajaribu kumsukuma kwa kiwiko. Kisha kukatokea mlio mmoja wa kupasuka, na kimya.

Nikavuta breki ya mkono. Mjomba akanigeukia.

"Mbona umezima?"

Nikashuka, nikafungua boneti, nikamwita aje aone. Ubavu wa injini ulikuwa na tundu la kuingiza ngumi, na kipande cha konrodi kimechungulia nje, na oili inatiririka mchangani. Akainama akatazama. Akina mama wakashuka kutoka juu ya magunia, wakatuzunguka, wakauliza kuna nini. Mjomba akanyoosha mgongo.

"Amekanyaga mno," akasema kwa sauti yake ile ya kupiga kelele. "Vijana hawana subira."

Nilisubiri anitazame. Hakunitazama. Na mimi nikafunga mdomo wangu, kwa sababu ya mama pale mlangoni na chakula kimepoa.

Lori lilivutwa, likauzwa kama chuma. Lakini kipande cha konrodi kilichokatika mjomba alirudi nacho. Akatundika rimu ya gurudumu kwenye boriti ya banda la mashine, na kila asubuhi akawa anaigonga kwa kile kipande kuwaita wateja. Mtu akiuliza hicho ni chuma gani, anaambiwa, hiki mpwa wangu alikikata kwa mguu. Kila asubuhi. Nilikuwa nikiusikia ule mlio nikiwa kitandani, na kila ulipolia nilijua kuna mtu mwingine anaambiwa.

Nilizunguka kwa wenye magari. Mmoja alinikaribisha chai kabisa, tukaongea, halafu akaniuliza, "Wewe si ndiye yule wa Kidatu?" Chai ikaishia pale. Nilikwenda hata kule kule kwenye mkonge, na habari ilikuwa imeshanitangulia. Nikarudi bondeni kulima mpunga. Viatu vyangu vya udereva nikavifungia kwenye kikapu, nikatembea pekupeku kama watu wengine, na si aibu kulima, lakini kila lori lililopita barabarani liliniumiza.

Mke wangu alikuwa na hasira kuliko mimi. Nilikuwa nimemweleza habari ya goti, yeye peke yake. "Goti ni lako au la mjomba wako?" alikuwa akiniuliza. "Kaseme." Nikamwambia haiwezekani. Akasema haya, kama wewe huwezi kusema, mimi nitasema kwa namna yangu. Tangu siku ile hakupeleka punje moja ya mpunga kwenye mashine ile. Alitwanga mpunga wetu wote kwa kinu, uani, mji wote ukikoboa kwa mashine. Majirani walimwuliza kama ana kichaa. Akawajibu kwamba mchele wa kinu ni mtamu.

Msimu mmoja wa mavuno akajifungua, na hakuweza kutwanga. Chakula kilikuwa kinahitajika, wageni wa mtoto walikuwa wengi. Nikabeba gunia mwenyewe mpaka kwenye mashine, nikapanga foleni na akina mama. Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi lake karibu na gurudumu kubwa. Nikamwamkia kwa mbali, akaitikia kwa kichwa. Nikasimama pale juu ya saruji, pekupeku, nikitazama ile rimu na kile kipande cha chuma.

Na nikaisikia kwa nyayo. Chini ya ile du, du ya siku zote kulikuwa na nyingine, fupi, ngumu, inayofuata nyuma yake. Chuma kwa chuma. Nikainama nikaiweka mikono sakafuni kama naokota kitu. Haikuwa na shaka.

Nasema ukweli wangu: nilitaka kukaa kimya. Nilitaka ile mashine ikatike mbele ya watu, na yeye amekaa pale pale, tuone atamsingizia mguu wa nani. Nilikuwa na haki ya kutaka hivyo. Lakini gurudumu lile lilikuwa na uzito wa ng'ombe, na kando yake alisimama mama ana mtoto mgongoni, na kando ya mama yule alikaa mjomba mwenyewe. Nikaliacha gunia langu, nikaenda nikaketi naye kwenye benchi.

"Mjomba, zima," nikamwambia sikioni.

"Nini?"

"Zima mashine. Inagonga."

"Inagonga siku zote."

Nikaushika mkono wake, mkono ule ule, nikaubandika kwenye mwili wa injini chini, karibu na krenki. Alitaka kuutoa. Nikaukandamiza. Akatulia. Nikaona uso wake ukibadilika polepole, mara akaangalia bomba, mara akaangalia sakafu, kisha akainuka akaenda kukata mafuta. Gurudumu likazunguka, likapunguza, likasimama. Mji ukawa kimya.

Aliporudi kukaa nilimsemesha kwa sauti ya kawaida, nikamwambia bushi hizo, mjomba. Alikuwa ananitazama mdomo. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningepaswa kulielewa tangu lile lori lilipomwudhi kwa kunyata kama paka. Nikafunika mdomo wangu kwa kiganja, nikamwita. Hakuitika.

"Husikii, mjomba," nikasema nilipoondoa mkono.

Akaangalia kama kuna mtu karibu. "Naisikia hii," akasema, akionyesha mashine, na safari hii hakupiga kelele. "Na lori nililisikia, lilipoanza kugonga."

Nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma na hasira haikupungua hata kidogo, vyote viwili vilikaa pamoja. Kuwa kiziwi ni sawa. Lakini mdomo wake ulikuwa mzima siku ile akina mama walipotuzunguka kilimani.

Foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Wakauliza mbona mashine imezimwa. Mjomba akawageukia, akarudisha sauti yake kubwa. "Dereva amesema tuzime. Amesikia ugonjwa."

Dereva. Hakuwa ameniita hivyo tangu Kidatu. Ningeweza kuridhika na neno hilo, na mtu mpole angeridhika. Mimi sikuridhika. Nilimgusa bega ili anitazame mdomo.

"Waambie na goti," nikamwambia.

"Nini?"

"Goti."

Alinielewa. Akatazama mikono yake. Kisha mbele ya watu wote wale akauweka mkono wake juu ya goti langu la kulia, pale pale ulipokuwa siku ile, na akakandamiza mpaka kisigino changu kikasaga saruji.

"Hivi," akawaambia. "Alikuwa anakwenda polepole. Mimi ndiye niliyemfanya hivi."

Akina mama walilitazama goti langu, wakamtazama yeye. Halafu mmoja akauliza kama mpunga wake utakobolewa leo au arudi nao kwenye kinu.

Niliinuka, nikaenda kwenye boriti, nikakishusha kile kipande cha konrodi. Mjomba hakunizuia. Msimu uliofuata mwenye gari mmoja alinipa ufunguo, na niliendesha mpaka macho yalipochoka. Lakini waliokuwa kwenye foleni siku ile walikuwa wachache, na waliosikia rimu ikigongwa asubuhi zote zile walikuwa mji mzima, ndiyo maana maneno hayajaisha. Kile chuma ninacho, kinazuia mlango wangu usipigwe na upepo. Anayetaka kusema niliua injini aje kwanza akishike.